Tundu la Tatu

Inspekta hakupenda watu wamwone akiogopa, na ndiyo maana asubuhi ile ya Jumatatu alipofika mlangoni pa chumba cha klorini aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Koplo, aliyefanya naye kazi miaka sita na kuzijua hila zake zote, akajifanya anatazama matangi ya maji.

"Kamba zimeshakaza, afande," akasema mwishowe.

"Nimeziona."

Wakaingia.

Mbele palikuwa na kichumba chembamba chenye milango miwili. Mlango wa nje ulikuwa wa chuma, na kufuli lake la umeme. Mlango wa ndani ulikuwa wa kioo, na nyuma yake ilisimama mitungi mirefu ya gesi, ile inayotiwa kwenye maji ya mji mzima kuua vijidudu. Katikati ya milango hiyo paliwekwa kabati la bati, na vinyago vya kujikinga na gesi vilitundikwa ukutani. Hapo sakafuni ndipo alipokutwa Mkemia wa mtambo, Alhamisi iliyopita, saa tisa na dakika ishirini alasiri, amelala kifudifudi, amekwisha kufa. Upande wa ndani wa mlango wa chuma rangi ilikuwa imekwanguka mistari mistari, kuanzia usawa wa kifua hadi chini. Rangi hiyo hiyo ilikutwa kwenye kucha zake.

Kilichomuua kilikuwa kimepangwa. Mtu alikuwa amechana mpira wa kuzibia wa mtungi mmoja, gesi ikavuja. Mtu huyo huyo alikuwa ametoa machujio kwenye vinyago vyote. Lakini feni ya kutolea hewa ilizimika, king'ora hakikulia, na mlango ukajifunga, na vitu hivyo vilitawaliwa na kompyuta moja iliyokaa ghorofani. Kompyuta hiyo ilizimika saa tisa na dakika mbili. Ikawaka tena saa tisa na dakika kumi na tatu.

"Dakika kumi na moja," Koplo akasema. "Na msafishaji ameapa alikuwa anapiga deki nje ya chumba cha kompyuta muda wote huo. Hakuingia mtu. Hakuingia hata paka."

Walitoka nje haraka kuliko walivyoingia. Kwenye ngazi walikutana na Mzee Pampu, fundi mkuu wa mapampu, mkoba wake wa zana begani. Alikuwa baba mkwe wa marehemu. Ndiye aliyemtafutia kijana kazi pale, ndiye aliyemwoza binti yake wa pekee, na ndiye aliyemvuta nje Alhamisi ile akiwa tayari maiti. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alikohoa kile kikohozi chake kikavu, cha mtu aliyeishi na gesi miaka thelathini.

"Mmefika wapi, mwanangu?"

"Tunakwenda, mzee. Pole pole."

"Binti yangu hali, hanywi. Ananiuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye polisi." Akatikisa kichwa, akashuka zake.

Ghorofani, mbele ya mlango wa chumba cha kompyuta, alikuwa amekaa Miwani na pingu zake. Alikuwa fundi wa kompyuta wa mtambo, mwembamba, mwenye vioo vizito vilivyomfanya aonekane ameshangaa kila wakati. Ufunguo wa chumba kile alikuwa nao yeye peke yake, kwa hiyo tangu Ijumaa alilala mahabusu. Alisema saa tisa ile alikuwa amefungua kinywa kwa daktari wa meno, na daktari alikubali. Tatizo ni kwamba daktari alikuwa shemeji yake.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," Inspekta akamwambia walipoingia ndani, kwenye ubaridi na mngurumo wa mashine. "Kuna njia ya kuizima hii bila mtu kukanyaga humu?"

"Kwa kawaida, hapana."

"Sikuuliza ya kawaida."

Miwani akaomba tochi. Alilala chali nyuma ya kabati la mashine, pingu zikigonga chuma, wakamsikia akihesabu chini chini. "Moja. Mbili." Halafu kimya.

"Vipi?"

"Inspekta, njoo uone mwenyewe. Nisije nikaambiwa nimeweka mimi."

Inspekta akapiga magoti kwenye vumbi. Mgongoni mwa kompyuta palikuwa na matundu mawili ya waya yaliyokaa jirani, yamechomekwa waya za bluu. Pembeni yake, peke yake, lilikuwepo tundu la tatu, na juu yake kiwandani walikuwa wamechora kijispana kidogo. Humo ulichomekwa waya wa kijani.

"Za bluu nimechomeka mimi," Miwani akasema. "Huu wa kijani siujui."

"Ni wa nini?"

"Ndani ya mashine hii kuna kompyuta nyingine." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ndogo, kama ukucha wako. Imechomelewa kwenye ubao mkuu, ile mazabodi, tangu kiwandani. Ina kumbukumbu yake, ina nywila yake, ina tundu lake hili. Sisi tunaiita kidhibiti. Imewekwa kwa ajili ya fundi aliye mbali. Mashine ikikwama, anaingia kupitia hapa, anaizima, anaiwasha. Anaona kioo chake kama ninyi mnavyokiona. Anaweza kuandika kana kwamba amekaa kwenye kiti hiki."

"Na mashine ikishazimwa?"

"Yenyewe hailali. Maadamu waya wa umeme uko ukutani, iko macho."

Koplo, mwanamume wa futi sita, akasogea mbali na lile kabati hatua moja.

"Mbona hukutuambia tangu Ijumaa?" Inspekta akauliza.

"Sikujua kama kuna aliyeiunganisha. Nina miezi minane tu hapa. Nilikuta mashine inafanya kazi nikaiacha. Hilo ni kosa langu, siwezi kulikataa."

Waliufuata waya wa kijani. Ulipanda ukutani, ukapenya kwenye dari, ukatambaa juu ya ukumbi, na kila baada ya hatua mbili ulikuwa umefungwa kwa utepe mweupe mwembamba.

"Nyie mafundi kompyuta mnafungia hivi?"

"Hapana. Huo ni utepe wa mabomba, ule wa kuzuia maji yasivuje kwenye maungio."

Inspekta akachana kipande akakitia kwenye kifuko. Ungekuwa ushahidi mzuri mahali pengine. Kwenye mtambo wa maji, kila mtu wa tatu alikuwa na utepe ule mfukoni.

Waya uliwafikisha kwenye stoo ya majalada, mlango kwa mlango na ofisi ya Meneja. Meneja, mtu mfupi wa tai na kitambaa cha jasho, alisema ufunguo wa stoo umepotea, kisha akasema labda uko kwa katibu, kisha akautoa kwenye droo yake mwenyewe. Nyuma ya majalada ya miaka iliyopita walikuta kijisanduku cheusi chenye laini ya simu ndani. Kilikuwa kinawaka taa tatu. Ya tatu ilikuwa inapepesa.

"Kampuni ya simu itachukua siku tatu kutuambia laini ni ya nani," Inspekta akasema kwa sauti ya kunong'ona, ingawa hakujua kwa nini ananong'ona. "Koplo, kaa na Meneja ofisini kwake. Asipige simu, asiende hata msalani peke yake."

Akamrudisha Miwani kwenye mashine na kumfungua mkono mmoja. Miwani hakugusa kioo cha kompyuta ile. Aliwasha kompyuta yake ndogo ya mkononi, akapita kwenye waya za bluu, akakiuliza kidhibiti maswali yake kimya kimya.

"Kina daftari lake chenyewe," akaeleza. "Aliyeizima mashine hakulifuta. Pengine hakujua lipo. Tazama. Alhamisi, saa tisa na dakika mbili: zima. Tisa na kumi na tatu: washa. Na kabla ya hapo, Jumapili tatu mfululizo: zima, washa, zima, washa."

"Alikuwa anafanya mazoezi."

"Ndiyo." Kidole cha Miwani kilishuka hadi mstari wa mwisho, kikasimama. Rangi ilimtoka usoni. "Inspekta. Kuna aliyeingia leo. Saa nne na dakika arobaini."

"Akatoka saa ngapi?"

"Hajatoka."

Walikuwa wawili tu katika chumba kile, lakini sasa hawakuwa wawili. Inspekta alikitazama kioo cha kompyuta kubwa, michoro ya matangi na namba za kijani zikibadilika taratibu, akajua kwamba mahali fulani mtu mwingine anaitazama michoro ile ile, sekunde ile ile.

"Anatusikia?"

"Hapana. Hana kamera wala kipaza sauti hapa. Anaona kioo tu. Lakini chochote utakachoandika hapo atakisoma. Tuchomoe waya?"

"Tukichomoa atajua, na atatokomea." Inspekta alikaa kwenye kiti. Mke wa marehemu alikuwa amemwambia jambo moja, siku ya Ijumaa, katikati ya kilio: mumewe aligundua kitu kwenye vipimo vya maji, akakosa usingizi mwezi mzima, na Ijumaa hiyo hiyo alikuwa aende kuripoti wizarani. Ni kitu gani, hakumwambia. "Naye ana hofu," Inspekta akasema. "La sivyo asingekuwa anatuchungulia. Acha nimpe cha kusoma."

Akafungua ukurasa mtupu kwenye kioo kikubwa, akaanza kuandika kwa vidole viwili kama polisi wote duniani: *Taarifa ya awali. Daftari la vipimo la marehemu limeonekana ndani ya kabati la bati, kichumba cha mbele cha klorini, chini ya buti. Halijaguswa. Wataalamu wa alama za vidole watalichukua saa nane.*

"Akitaka kuingia mle," Inspekta akauliza, "atafanyaje?"

Miwani alifikiri. "Kadi ikipita mlangoni inaandikwa. Kamera ya ukumbi nayo inarekodi. Vyote viko kwenye mashine hii. Ningekuwa yeye, ningeizima kwanza."

"Halafu mlango utafunguka kwa kitu gani?"

"Kwa nje una tundu la ufunguo wa chuma, wa dharura; anao nani, sijui. Kwa ndani hauna. Aliyeuweka mlango huo alikosea tangu mwanzo, nimewahi kuandika barua mbili." Akameza mate. "Inspekta, mashine ikizimika ukiwa mle, hutoki. Nikibonyeza kitufe mimi, inachukua dakika saba kuamka."

"Ikizimika tu, chomoa wa kijani asiweze kukuingilia, ubonyeze. Dakika saba ni zako."

Akamfungua mkono wa pili. Miwani alizitazama pingu zilizobaki mezani kana kwamba bado zinamng'ata.

"Siku nne umeniweka ndani," akasema. "Leo unaniachia roho yako?"

"Sina mwingine," Inspekta akamjibu, na hilo lilikuwa kweli.

Bastola alimwachia Koplo, aliyeagizwa ashuke mashine ikizimika, maana haiwezekani kufyatua risasi mbele ya mitungi ile. Akaingia kwa kadi ya marehemu, akajibanza nyuma ya kabati la bati, goti likigusa ukuta. Feni ilikuwa inavuma juu ya kichwa chake. Alianza kuhesabu uvumaji wake kama mtoto anayehesabu ili apate usingizi. Mji ulihitaji maji, kwa hiyo mtungi mmoja nyuma ya kioo ulikuwa umeunganishwa, mzima, umejaa. Alinusa. Kulikuwa na harufu kali kidogo, kama ya nguo zilizotiwa dawa ya madoa. Huenda ilikuwepo siku zote. Huenda ilikuwa hofu yake mwenyewe.

Saa sita na robo. Saa sita u nusu.

Feni ikakata.

Kimya kilishuka kama blanketi zito, na ndani yake kufuli la mlango likalia *ko*. Inspekta alihisi nywele za kisogo zikisimama. Sekunde kumi. Ishirini. Dakika moja. Nyayo zikaja, taratibu, za mtu asiye na haraka. Ufunguo wa chuma ukaingia kwenye tundu, ukazungushwa, ukachomolewa. Mlango ukafunguka, mkoba wa zana ukawekwa kizingitini ili usijifunge, na mtu aliyevaa kinyago akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akalifungua, akaanza kurusha buti huku na huku.

Alirusha jozi tatu kabla ya kukohoa. Kikohozi kile kikavu.

Inspekta alikuwa amejiandaa kumwona Meneja. Alikuwa amejiandaa hata kumwona msafishaji. Midomo yake ikatamka yenyewe: "Mzee."

Mzee Pampu aligeuka. Walitazamana. Kisha kwa utulivu, bila kuondoa macho kwake, akausukuma mkoba kwa mguu. Mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake.

"Daftari liko wapi, mwanangu?"

"Hakuna daftari."

Mzee akavua kinyago, nacho hakikuwa na chujio, kilikuwa cha kuficha uso tu, akakitundika mahali pake kwa mazoea, kama mtu anayefika nyumbani. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nashuka ngazi na huku najua."

"Ule waya uliuvuta wewe."

"Miaka mitano iliyopita. Mtu aliyetuletea mashine alinifundisha, ikikwama usiku niiwashe kwa simu nikiwa kitandani. Nilikuwa mvivu wa kutembea, hakuna zaidi." Alifungua mlango wa kioo, akaingia kwenye mitungi, akatoa spana kiunoni. "Msimu wa mvua pampu ya dawa ilikufa. Niliahidi kuitengeneza kesho, na kesho yake tena. Siku tisa maji yalikwenda mjini hayana dawa. Namba nilikuwa naandika za kubuni. Watu kumi na wanne walikufa kwa kuhara, mtaa wa chini. Mkwe wangu alizikuta namba zangu. Akaja nyumbani, akanipigia magoti, akaniambia, Baba, nakuomba uende mwenyewe useme. Nikamwambia nitakwenda."

"Nenda sasa. Twende wote."

"Nikamwambia nitakwenda," akarudia, na spana ikakaa kwenye vali ya mtungi.

"Mzee, naogopa," Inspekta akasema. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Sauti ilitoka nyembamba, si ya kazini.

"Najua. Hata mimi."

Spana ikazunguka robo. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayemnyamazisha mtoto. Harufu ikafika, ikaingia machoni na kooni kama mchanga wa moto. Inspekta akageukia mlango. Hakufikiri. Alipiga kwa ngumi, na upande wa pili akasikia ngumi za Koplo na sauti yake, "Afande! Ufunguo! Ufunguo uko wapi?" na ngumi zake mwenyewe zikaishiwa nguvu, zikawa vidole, na vidole vikawa kucha zinazokwangua chuma.

"Acha!" Mzee Pampu akapiga kelele. "Acha hivyo! Usikwangue!"

Hakuweza kuacha.

"Nilikuwa hapo nje," mzee alikuwa anasema, akikohoa, akilia, haijulikani anamwambia nani. "Nilisimama hapo hapo aliposimama askari wako. Nilikohoa, yule kijana humu ndani akanitambua. Alidhani nimekuja kumtoa. Akawa anakwangua na kuniita, Baba, fungua. Baba, fungua. Muda mrefu, mwanangu. Muda mrefu sana."

Ile sauti ndogo ikakoma. Inspekta aligeuka, machozi yakimchuruzika, akaona mzee ameshaifunga vali, amekaa sakafuni kati ya mitungi, spana mapajani. Mzee akavua shati lake, akamsukumia mlangoni. "Ziba pua. Usithubutu kulala chini. Simama, gesi ni nzito, inashuka." Yeye mwenyewe hakusimama.

Alisimama Inspekta, shati la mtu yule puani, uso kwenye pembe ya juu ya mlango, akihesabu. Alipofika mia moja na arobaini, feni ilikohoa, ikazunguka, ikaanza kuvuma. Kufuli likalia. Mlango ukafunguka kwa nguvu na Koplo akaanguka juu yake.

Nje, kwenye jua kali la adhuhuri, alitapika mara mbili kwenye nyasi. Miwani alikuja mbio kutoka ghorofani, waya wa kijani bado mkononi.

"Dakika sita na nusu," akasema, akihema. "Imeamka kwa dakika sita na nusu."

Inspekta akamsogelea. Akamshika bega, akamwachia. Nyuma yao Koplo alikuwa anamtoa Mzee Pampu, amembeba zaidi kuliko kumkamata, mikono ya mzee imefungwa mbele, kifua wazi.

Hapo ndipo Inspekta alipomwona mwanamke akija kutoka langoni na hotipoti lililofungwa kwa kitambaa. Ijumaa alikuwa amemhoji saa mbili nzima, akaujua kila mkwaruzo wa sauti yake. Mjane wa Mkemia alitembea haraka, akimtafuta mtu kwa macho. Inspekta akamwendea, akasimama katikati ya njia.

"Inspekta, shikamoo. Baba yuko wapi? Nimemletea chakula, hajala tangu juzi."

"Dada, njoo tukae hapa kwanza."

"Kuna nini?"

"Tumempata aliyemuua mumeo."

Mjane aliangalia juu ya bega lake. Inspekta hakugeuka. Alisikia nyayo za Koplo kwenye changarawe, na kile kikohozi kikavu, vikija, kisha vikisimama.

"Mmekosea," mjane akasema kwa sauti ndogo, akilikumbatia hotipoti. "Huyo ni baba."